Sumu Iliyofika Sahanini: Miaka Sitini ya Kupima Sumukuvu Afrika Mashariki

F. G. Peers na C. A. Linsell hawakuridhika na kuonyeshwa ghala. Walipofanya utafiti wao Murang'a, katikati ya Kenya, walichotaka kupima ni chakula kilichokwisha kuiva: mlo mkuu wa siku kama ulivyopakuliwa, pamoja na pombe ya kienyeji waliyokunywa watu wa maeneo hayo. Ndani ya sampuli hizo walitafuta aflatoksini, sumu inayotengenezwa na kuvu wa Aspergillus flavus anayeota kwenye mahindi, karanga na nafaka nyingine zilizopigwa na ukame shambani au zilizowekwa zikiwa na unyevu.

Kwa nini wahangaike na chakula cha sahanini wakati mahindi yapo ghalani, makavu na rahisi kubeba? Kwa sababu kati ya ghala na mdomo mengi hutokea. Mama huchambua punje, hutupa zilizooza, hukoboa, hupepeta, huchanganya na maharage. Moto wa kawaida wa jikoni hauiui sumu hii, lakini mikono ya mpishi inaweza kuipunguza sana, na ya mwingine ikaiacha yote. Halafu yuko anayekula kingi na anayekula kidogo. Kupima gunia kunakueleza habari za gunia. Peers na Linsell walitaka kujua ni kiasi gani kinaingia katika mwili wa mtu, siku hadi siku, na swali hilo ndilo gumu.

Murang'a iliwafaa kwa umbile lake. Wilaya inaanzia kwenye miteremko yenye baridi ya Nyandarua na kushuka hadi tambarare za joto upande wa mashariki. Waligawanya wakazi kwa mwinuko wa mahali wanapoishi, wakapima milo, wakakadiria kila mtu anameza kiasi gani, kisha wakalinganisha na wagonjwa wa saratani ya ini waliotoka maeneo hayo hayo. Makala yao ilichapishwa mwaka 1973. Makadirio yalianzia nanogramu 3.5 hadi 14.8 za aflatoksini kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, na nanogramu ni sehemu moja tu ya bilioni ya gramu. Kadiri walivyoshuka kuelekea kwenye joto, sumu katika milo iliongezeka, na saratani ya ini nayo iliongezeka.

Nautaja utafiti huu mwanzo kwa sababu watu wengi wa Afrika Mashariki hawajui kwamba ulifanyika kwetu. Jedwali ambalo wataalamu wa kimataifa walilitumia kwa miaka mingi kuhusisha kiasi cha aflatoksini kinacholiwa na idadi ya wagonjwa wa saratani ya ini lilijengwa kwa milo ya Murang'a, ya Swaziland, ya Inhambane kule Msumbiji na ya vijiji vya Thailand.

Sumu yenyewe ilikuwa imejulikana si muda mrefu kabla ya hapo. Mwaka 1960 zaidi ya batamzinga 100,000 walikufa Uingereza kwa ugonjwa usiojulikana, na uchunguzi ukaishia kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili. Historia nyingi za aflatoksini huishia hapo, kwa batamzinga wa Waingereza. Lakini karibu wakati huo huo maelfu ya vifaranga vya bata walikufa katika Bonde la Ufa, Kenya, kwa kulishwa chakula chenye karanga zilizochafuka. Karanga za Afrika Mashariki nazo zilikuwa na sumu, na wafugaji wa hapa walipata hasara ile ile. Ndani ya miaka michache wanakemia walikuwa wameitenga sumu na kuchora umbo lake, na wakapata njia rahisi ya kuitambua: dondoo la chakula hupandishwa kwenye bamba jembamba na kumulikwa kwa miale ya urujuanimno, nayo sumu hung'aa. Kwa taa hiyo kila maabara ya tropiki iliweza kuanza kazi.

Uganda walianza mapema. Kati ya Septemba 1966 na Juni 1967 zilikusanywa sampuli 480 za vyakula vilivyohifadhiwa majumbani katika sehemu mbalimbali za nchi. Kazi hiyo iliwaunganisha watafiti wa Marekani, akiwamo Gerald Wogan, na Michael Hutt wa Makerere. Walipochapisha matokeo mwaka 1971, asilimia 29.6 ya sampuli zilikuwa na aflatoksini. Karamoja, mkoa wa wafugaji wenye ukame na njaa za mara kwa mara, ndiyo iliyokuwa na vyakula vilivyochafuka zaidi, na ndiyo iliyokuwa na saratani ya ini nyingi zaidi.

Tafiti hizo mbili zilipata upinzani wa haki. Wakati zinafanyika, virusi vya homa ya ini aina ya B vilikuwa ndiyo kwanza vinaeleweka, navyo pia husababisha saratani ya ini. Nani angejua kama chanzo cha vifo vya tambarare ni mlo au ni virusi? Peers na Linsell hawakukwepa swali hilo. Walirudi na wenzao Swaziland, safari hii wakipima milo na virusi pamoja, na mwaka 1987 wakaonyesha kwamba hata baada ya virusi kuhesabiwa, tofauti ya aflatoksini iliendelea kueleza tofauti ya saratani kati ya eneo na eneo. Miaka kumi baadaye kamati ya wataalamu ya FAO na WHO ilifikia hesabu inayotisha: kwa kiasi kile kile cha aflatoksini, mtu mwenye virusi vya B ana hatari mara 30 kuliko asiye navyo. Katika nchi zetu, ambako virusi hivyo viliambukizwa utotoni kabla ya chanjo kuenea, mambo mawili yalikutana katika ini moja.

Kufikia hapo maarifa yalikuwapo. Palipopungua ni uendelevu. Watafiti walikusanya, walipima, walichapisha na kuondoka, na kazi ya kupima milo haikugeuzwa kuwa desturi ya serikali yoyote ya ukanda huu. Gharama ya pengo hilo ilianza kuonekana Machakos, Kenya, mwaka 1981.

Huko, kwa mujibu wa walioandika habari zake, waliotangulia kufa walikuwa njiwa. Wakafuata mbwa. Kisha watu wakaanza kufika hospitalini macho yakiwa manjano na matumbo yamevimba. Wagonjwa 20 walilazwa, 12 wakafa. Mahindi yaliyochukuliwa katika nyumba zilizoathirika yalikuwa na mikrogramu 3,200 hadi 12,000 za aflatoksini kwa kilo. Habari hiyo ilitoka katika jarida la Lancet mwaka 1982. India ilikuwa imekwisha kupitia msiba wa namna hiyo mwaka 1974, na zaidi ya watu 100 walikufa. Kwa hiyo dalili zilijulikana, zao lilijulikana, na sasa hata wilaya ilijulikana.

Miaka 23 ikapita.

Msiba wa 2004 ulitokea katika ukanda ule ule wa Ukambani. Mashamba ya Makueni na Kitui yalikuwa yamepigwa na ukame, na wakati wa kuvuna, mvua zisizo za msimu zikanyesha juu ya mahindi. Familia nyingi ziliyaweka ndani ya nyumba yakiwa na unyevunyevu. Nani angeyaacha nje mwaka wa njaa? Wagonjwa wa kwanza walikuwa wa Januari. Mwishoni mwa Aprili ndipo madaktari wa hospitali za huko walipoiarifu Wizara ya Afya kwamba watu wengi mno wanakufa kwa kushindwa kwa ini. Kwa kuwa Machakos ya 1981 ilikuwa bado inakumbukwa, mahindi yakapimwa, na mengine yakakutwa na mikrogramu 4,400 kwa kilo, mara 220 ya kikomo cha Kenya cha wakati huo, ambacho kilikuwa mikrogramu 20. Kufikia Julai walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 317, na kati yao 125 walikuwa wamekufa.

Uchunguzi uliofuata, wa Wakenya pamoja na wataalamu wa CDC ya Marekani, ni miongoni mwa kazi makini zaidi zilizowahi kufanywa kuhusu sumu katika chakula. Upande mmoja walikwenda sokoni. Walizunguka masoko 65, wakanunua sampuli 350 za mahindi na bidhaa zake kwa wachuuzi 243. Asilimia 55 zilizidi kikomo cha kisheria, na asilimia 7 zilivuka mikrogramu 1,000. Upande wa pili walikwenda majumbani, wakalinganisha wagonjwa 40 na majirani 80 wasiougua. Mahindi ya nyumba za wagonjwa yalikuwa na sumu mara nane hivi ya yale ya majirani, na waliougua walikuwa zaidi wale waliokula mahindi waliyoyalima wenyewe na kuyaweka ndani yakiwa mabichi.

Jambo hilo la mwisho ndilo linalonisumbua kuliko takwimu nyingine zote za mwaka ule. Ukaguzi wa chakula umejengwa juu ya biashara. Mkaguzi anasimama kiwandani, bandarini, mpakani, sokoni. Anachoma gunia kwa bambo, anachukua kiganja cha punje, anapeleka maabara. Hata hapo kazi ni ngumu, kwa sababu sumu haikutandazwa sawasawa: punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia, na bambo likazikosa. Lakini angalau gunia la sokoni limepita mbele ya macho ya mtu. Mahindi ya mkulima yanatoka shambani, yanaingia kwenye kihenge, yanakwenda mashineni, yanakuwa ugali. Hakuna lango yanalopita. Na wakulima wa namna hiyo ndio wengi wetu.

Katika uchunguzi wa 2004 palikuwa na kipimo kingine, nacho kilibadilisha kabisa njia ya kujua. Damu. Aflatoksini B1 ikifika kwenye ini hugeuzwa kuwa kitu kikali kinachonasa kwenye vinasaba, na pia kwenye albumini, protini ya damu. Albumini hukaa mwilini kwa wiki kadhaa, kwa hiyo tone la damu hubeba kumbukumbu ya miezi miwili au mitatu ya kula. Mtu hahitaji kukumbuka alikula nini, wala mtafiti hahitaji kubahatisha ni gunia gani. Wagonjwa wa Makueni na Kitui walikuwa na alama hiyo kwa wingi kuliko majirani zao, na ushahidi ukafungwa pande zote mbili, chakula na mwili.

Kipimo hicho kilikuja kutoa ramani ambayo bado haijazungumzwa vya kutosha. Mwaka 2007 Kenya ilifanya utafiti wa kitaifa wa UKIMWI na kukusanya damu nchi nzima. Baadaye sampuli 600 za damu hiyo zilipimwa aflatoksini, na matokeo yakatoka mwaka 2013: asilimia 78 zilikuwa na alama ya sumu. Mwaka 2007 haukuwa mwaka wa vifo kama 2004. Mashariki ya nchi iliongoza, kama ilivyotarajiwa, lakini iliyofuata ilikuwa Pwani, mahali ambapo hapakuwa na vichwa vya habari vyovyote. Wala sumu haikuchagua kati ya mwanamume na mwanamke, kijana na mzee, mwenye nacho na asiye nacho. Msiba wa ghafla huua kwa makumi na kamera hufika. Kula kidogo kidogo kwa miaka hakuna anayekuona.

Tanzania ilikuwa ikifuata njia yake, na kwa heshima kubwa nataja kazi ya Martin Kimanya, aliyekuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, na baadaye Taasisi ya Nelson Mandela mjini Arusha. Yeye na wenzake walianza na mahindi ya majumbani, sampuli 120 kutoka Tabora, Iringa, Ruvuma na Kilimanjaro. Zaidi ya nusu yalikuwa na fumonisini, sumu nyingine ya kuvu inayopenda mahindi, na asilimia 18 yalikuwa na aflatoksini. Kisha wakaenda Tarakea, Rombo, kwenye swali la mlaji mdogo kabisa. Waliwauliza akina mama wa watoto wachanga 215 mtoto amekula nini katika saa 24 zilizopita na kwa kiasi gani, wakachukua unga wa uji, wakaupima, wakapiga hesabu ya mtoto mmoja mmoja. Watoto 191 walikuwa wakila mahindi. Watoto 26 walivuka kiasi kinachovumilika cha fumonisini, na walipofikisha mwaka mmoja walikuwa wafupi kwa sentimita 1.3 na wepesi kwa gramu 328 wakilinganishwa na wenzao. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2010. Wakati mama wa Rombo anaambiwa na kila mtu kwamba mwanawe hakui kwa sababu hampi chakula cha kutosha, kumbe uji wenyewe ulikuwa na neno.

Candida Shirima naye, katika vijiji vya Iringa, Tabora na Kilimanjaro, alifuatilia watoto 166 kwa kuwapima damu na mkojo zaidi ya mara moja. Kila walipopimwa tena, waliokuwa na alama ya aflatoksini walizidi, hadi kipimo cha mwisho kikawakuta karibu wote wakiwa nayo. Maelezo yake yanaeleweka kwa yeyote aliyelea mtoto nchini: kadiri titi linavyopungua, uji na ugali huongezeka, na pamoja navyo sumu.

Pamoja na maarifa hayo yote, mwaka 2016 msiba uliwafikia Watanzania wenyewe, na ulianza kwa kuitwa ugonjwa usiojulikana. Watu wa Chemba na Kondoa mkoani Dodoma, na wa Kiteto mkoani Manyara, walianza kuugua ini. Walihesabiwa wagonjwa 68, na 20 kati yao wakafariki. Mahindi katika nyumba za wagonjwa yalikutwa na viwango vilivyofika mikrogramu 51,100 kwa kilo, wakati kikomo cha nchi za Afrika Mashariki ni 10 kwa jumla ya aflatoksini na 5 kwa B1. Kama ilivyokuwa Machakos, kama ilivyokuwa Makueni, waliopiga kengele ni wagonjwa.

Lakini hata kikomo hicho chenyewe kinahitaji kutazamwa kwa macho ya Murang'a. Mtu wa kilo 60 anayekula gramu 400 za unga kwa siku, mchana ugali na usiku ugali, si mlafi. Tuseme unga wake una mikrogramu 5 za B1 kwa kilo, yaani umegusa kikomo bila kukivuka na una haki kamili ya kuuzwa. Ameingiza nanogramu 2,000, sawa na 33 kwa kila kilo ya mwili wake, zaidi ya mara mbili ya makadirio ya juu kabisa ya Peers na Linsell. Mtoto wa kilo 8 anayenywa uji wa gramu 80 za unga huo huo anapata nanogramu 50 kwa kilo. Kikomo hutazama kilo ya mahindi, hakitazami idadi ya kilo. Mzungu anayekula mahindi mara moja moja analindwa na namba hiyo vizuri. Mla ugali wa kila siku, ambaye ndiye aliyepaswa kuwa wa kwanza kufikiriwa, analindwa nusu nusu.

Njia ya kuziba pengo ipo na ina jina rasmi, utafiti wa mlo mzima: vyakula vyote muhimu vya nchi hununuliwa, hupikwa kama watu wanavyovipika, hupimwa kemikali nyingi kwa pamoja, kisha huzidishwa kwa kiasi kinacholiwa. Katika muongo wa 2010 FAO na washirika wake waliufanya Benin, Cameroon, Mali na Nigeria. Hakuna nchi ya Afrika Mashariki iliyokuwamo katika mradi huo, ingawa Murang'a ilikuwa imeonyesha wazo lake tangu 1973.

Kwetu nguvu imebaki kwenye bidhaa inayotembea. Mwaka 2019 udhibiti wa chakula Tanzania ulihamishwa kutoka TFDA kwenda Shirika la Viwango, TBS. Novemba ya mwaka huo huo Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, liliondoa sokoni chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya aflatoksini. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, malori yakakwama kwenye mpaka wa Namanga, na siku tano baadaye zuio likaondolewa kwa masharti: waingizaji wasajiliwe, na kila shehena iwe na cheti kuonyesha kwamba aflatoksini haizidi mikrogramu 10 kwa kilo.

Ni masharti ya haki, na mla unga wa Nairobi anastahili kulindwa nayo. Ila cheti hufuata shehena. Mahindi yaliyoua Chemba, Kondoa na Kiteto yalikuwa ndani ya nyumba za walioyala, na kwa utaratibu wa Namanga yasingepimwa kamwe.